Swali Lililoshuka Hadi Meza ya Ragnfrid

Swali la mbunge lilimfikia Ragnfrid Osnes Jumanne asubuhi, hata koti hajavua, na alipomaliza mstari wa kwanza alijua limeanzia wapi. Limeanzia kwake. Yeye ndiye aliyempigia mbunge simu siku chache nyuma na kumweleza habari ya boti. Mbunge akamwandikia waziri kule Oslo. Waziri akawapa maofisa wake, maofisa wakaiuliza ofisi ya afya ya kanda, ofisi ya kanda ikaiuliza hospitali ya Hamnvika, na mkurugenzi wa hospitali, kama kawaida yake, akalituma chumba cha tatu kutoka chake akiwa ameongeza neno moja tu juu: "Unaweza?"

Hivyo ndivyo maswali ya maandishi yanavyosafiri. Hayajibiwi na anayeulizwa. Yanashuka ngazi, meza kwa meza, mpaka yamkute mtu ambaye chini yake hakuna mwingine wa kuulizwa. Hapo jibu linaandikwa, nalo linaanza kupanda. Katika hospitali ya Hamnvika mtu huyo alikuwa Ragnfrid, tangu nywele zake zikiwa bado na rangi.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mjane asiyependa kuitwa mjane, ambaye mchana alikula vipande vyake vya mkate na jibini la kahawia mezani pake huku mlango umefungwa. Cheo chake kilikuwa mshauri, lakini hakuna aliyemwomba ushauri. Walimwomba sentensi. Mgonjwa aliyesubiri upasuaji wa nyonga mpaka akasahau anangoja nini, familia iliyotaka kujua kwa nini baba yao alilazwa kwenye korido, gazeti lililouliza juu ya wauguzi walioacha kazi: majibu yote yalitoka kwake. Na alikuwa hodari. Hakuwahi kuandika uongo. Alijua tu kwamba ukitanguliza jambo la kweli ambalo hukuulizwa, msomaji huchoka kabla hajafika kwenye lile aliloliuliza. Alijua kuandika "imeonekana" bila kusema nani ameona, na "linafanyiwa kazi" bila kusema nani anaifanya hiyo kazi. Wenzake walimwita Pasi, kwa jinsi alivyonyoosha mambo, naye alilipokea jina hilo kama sifa.

Safari hii hakutaka kunyoosha. Alitaka kitu kimoja: boti ya wagonjwa irudishiwe watu wake Jumamosi na Jumapili.

Boti yenyewe ilikuwapo. Ilikaa gatini Hamnvika, ya manjano, safi, injini zikikaguliwa kwa wakati wake. Lakini tangu Septemba, hospitali ilipobana matumizi, kila Ijumaa jioni nahodha na muuguzi walifunga mlango wa boti wakaenda makwao, wasirudi mpaka Jumatatu. Kwenye karatasi mpango huo uliitwa "maandalizi mbadala", maana yake visiwa vya nje vingetegemea helikopta. Helikopta hairuki kwenye ukungu, na pwani ile mwezi wa Novemba ni ukungu tu.

Huko Ytterholmen, kisiwa cha mwisho kabla ya bahari tupu, ndiko alikobaki kaka yake, Oddleiv, fundi wa injini aliyestaafu, mwenye moyo uliokwisha kumsumbua mara moja. Jumamosi moja alishikwa na maumivu ya kifua akiwa anapasua kuni. Alipiga simu ya dharura, akaambiwa helikopta haiwezi kuondoka. Akauliza boti. Akaambiwa boti haina mtu. Mwishowe alichukuliwa na wafanyakazi wa shamba la samaki kwenye boti yao ya mizigo, wakamlaza juu ya magunia ya chakula cha samaki, mvua ikimpiga usoni njia nzima. Daktari alisema amepona kwa bahati. Ragnfrid alikuwa amekaa kando ya kitanda, akalisikia neno hilo kama mtu aliyetemewa mate.

Ndipo akampigia simu Jostein Brattli. Walisoma darasa moja, na Jostein alikuwa bungeni kwa muhula wa tatu sasa, katika chama ambacho hakikuwa serikalini lakini kiliipa serikali kura zake ilipozihitaji.

"Unasema boti ipo, ila haina watu?"

"Ipo, tena inang'aa. Ungependa kupigwa picha nayo."

"Usinianze, Ragnfrid. Hilo nitaliuliza kwa maandishi. Waziri lazima ajibu, na jibu litachapishwa. Hana pa kukimbilia."

"Basi uliza hivi: mwisho wa wiki kuna wafanyakazi, au hakuna?"

"Niachie mimi. Hii ndiyo kazi yangu."

Na sasa kazi yake ilikuwa mezani. "Je, waziri anaweza kuwahakikishia wakazi wa visiwa vya nje kwamba maandalizi ya kusafirisha wagonjwa ni ya kuridhisha?" Hakukuwa na Jumamosi wala Jumapili humo. Ragnfrid alilitazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kukwepa maswali mengi, akaona mlango mpana ambao waziri angepita akiwa ameweka mikono mifukoni. Kisha akajiambia kwamba haidhuru. Swali ni pana, lakini jibu analiandika yeye.

Kwanza alikwenda kwa mkurugenzi. Hallvard Teigen aliwahi kuwa daktari wa upasuaji, na hadi leo alizungumza kama mtu ambaye aliyelala mezani hawezi kumjibu.

"Hallvard, swali hili nimelichochea mimi. Nilizungumza na Jostein. Ni kwa ajili ya kaka yangu."

Hallvard aliinua macho kutoka kwenye skrini. "Kumbe. Basi hutahangaika kutafuta maelezo."

"Sikutanii. Labda apewe mtu mwingine."

"Nikimpa mwingine atakuja kukuuliza wewe. Andika tu. Kesho saa sita liwe limepanda."

Aliandika. Safari hii alianza na jambo lenyewe, kama mtu anayetua mzigo: "Tangu Septemba boti ya wagonjwa ya Hamnvika haina wafanyakazi Jumamosi na Jumapili." Baadaye ndipo akaeleza helikopta na ukungu. Hakuandika "imeonekana" hata mara moja. Alipolichapisha na kulipeleka kwa Hallvard, mkurugenzi alilisoma akiwa amesimama.

"Sentensi hii ya kwanza iko uchi."

"Ni kweli au si kweli?"

"Nani kasema si kweli? Nasema iko uchi. Ivalishe kidogo. Tanguliza kwamba boti ina kituo hapa, kwamba ni mpya, ina vifaa vyote."

"Hawajauliza umri wa boti."

"Ragnfrid, mama wee. Miaka yote hii ni nani ametufundisha kujibu tusichoulizwa?"

Hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Alibaki amesimama pale, hakuchukua karatasi aliyokuwa akirudishiwa. Hallvard akaangalia saa, akaangalia karatasi, akavuta pumzi.

"Haya. Ipande hivyohivyo. Huko juu wana makasi yao."

Aliituma mbele ya macho yake. Ragnfrid alirudi mezani pake akiwa na kitu kama shukrani, na ilimchukua mpaka jioni kuelewa kwamba hakuwa ameona ujasiri wowote. Alichoona ni mtu anayesukuma sahani chafu kwenye sinki la jirani.

Sinki la kwanza lilikuwa ofisi ya kanda. Rasimu ilirudi na ujumbe wa adabu: "Tumefupisha kidogo ili isomeke vizuri." Sentensi ya kwanza haikuwa ya kwanza tena, ilitanguliwa na upya wa boti na vifaa vyake, na ilisomeka hivi: "Kwa nyakati fulani wafanyakazi wa boti hupangwa kwa namna tofauti." Ragnfrid aliisoma, na kilichomchukiza zaidi ni kwamba ilikuwa imeandikwa vizuri. Angeweza kuiandika mwenyewe. Hata koma ilikuwa mahali ambapo angeiweka. Aliifuta, akarudisha ile yake, akaandika chini kwamba hospitali inasimamia maneno yake ya awali.

Siku iliyofuata, simu ililia kutoka wizarani. Aliyepiga alijitaja kwa jina moja, Ylva, sauti ya msichana aliyetoka chuo juzi, mwenye haraka lakini si mbaya.

"Samahani, ni lile jibu lenu la boti. Mnaweza kusema kwamba maandalizi ni ya kuridhisha?"

"Hapana."

"Si lazima yawe mazuri. Ya kuridhisha tu."

"Yanamridhisha nani?"

"Mimi natafuta kitu ambacho waziri anaweza kusimama juu yake."

"Mwambie asimame gatini Jumamosi."

Msichana alicheka, kicheko cha kweli kabisa. "Hiyo siwezi kuiandika."

"Najua. Andika ile niliyokutumia. Ni fupi, hata nafasi haili."

"Nitajaribu," alisema Ylva, na Ragnfrid aliamini kwamba angejaribu kweli. Alisikika kama mtu wa kujaribu mara moja tu.

Jibu lilitoka Ijumaa kwenye tovuti ya Bunge, likiwa na saini ya waziri. Ragnfrid alilifungua saa ya chakula, mkate mkononi. Waziri alianza kwa kusema kwamba wakazi wa visiwani ni muhimu sana kwa serikali. Kisha akaendelea: "Nimewasilisha suala hili kwa wahusika, nami nimeelezwa kwamba boti ya wagonjwa ina kituo chake Hamnvika, ni mpya na ina vifaa kamili, na kwamba pamoja na helikopta, maandalizi kwa jumla ni ya kuridhisha."

Nimeelezwa. Alilirudia neno hilo bila sauti. Ameelezwa na nani? Alishuka ngazi nzima kwa mawazo, meza moja baada ya nyingine, akakuta kila mtu ameelezwa na aliye chini yake, na mwisho wa ngazi hakuna mwingine isipokuwa yeye na kipande chake cha mkate. Waziri wa nchi alikuwa akisema kwamba Ragnfrid Osnes amemwambia boti ya kaka yake haina tatizo. Aliuweka mkate kwenye karatasi yake, akaufunga, akautupa.

Kwenye mashine ya kahawa alikutana na mhasibu mmoja, bwana mcheshi ambaye tayari alikuwa amelisoma.

"Pasi, umenyoosha tena. Mpaka waziri anavaa kazi yako."

"Si kazi yangu."

"Usione haya, dada. 'Maandalizi kwa jumla.' Hapo ndipo nilipokujua."

Jioni alimpigia Jostein akiwa amesimama jikoni kwake, gizani, kwa kuwa hakuwa amekumbuka kuwasha taa. Mbunge alikuwa na furaha. Gazeti la mji lilikuwa limechapisha picha yake ukurasa wa tatu chini ya maneno "Brattli ambana waziri".

"Umeona? Amelazimika kuvitaja visiwa."

"Umelisoma jibu, Jostein?"

"Nimelisoma. Si baya."

"Halisemi kitu. Kesho ni Jumamosi na boti haina mtu, kama Jumamosi iliyopita. Uliza tena. Uliza lile nililokwambia."

Alimsikia akimeza kitu. Huenda alikuwa mezani.

"Sikiliza, Ragnfrid. Wiki ijayo tunakaa na serikali juu ya bajeti. Kuna barabara ya handaki tunayoihitaji. Sasa nikianza kumchokonoa waziri yuleyule kwa jambo lilelile, wenzangu watanishangaa. Swali limeshafanya kazi yake."

"Kazi gani?"

"Limeulizwa. Lipo kwenye kumbukumbu za Bunge. Watu wameona tunawajali."

"Oddleiv hakuona chochote, alikuwa amelala kwenye magunia."

"Hilo si haki kuniambia mimi."

"Kwaheri, Jostein."

Alikaa. Kwa miaka mingi alidhani kwamba wale wa juu wanapenda kuficha na wale wa Bunge wanapenda kufichua, na kwamba yeye yuko katikati, upande usio mzuri, analipwa. Sasa aliona kwamba hapakuwa na pande mbili. Muulizaji alitaka kuonekana ameuliza, mjibuji alitaka kuonekana amejibu, na walikuwa wakihudumiana kwa upole kama wachezaji wazee wa dansi ambao hawakanyagani kamwe. Ilimchukiza mpaka kwenye meno. Aliyekuwa amewapigia muziki miaka yote hiyo alikuwa yeye.

Jumatatu alipigiwa simu na mwandishi wa gazeti la mji, Eivor, mama wa makamo mwenye sauti ya sigara, ambaye alikuwa akiishi kwa majibu ya Ragnfrid kama wengine wanavyoishi kwa chakula cha kopo.

"Habari ya leo. Nataka maoni ya hospitali juu ya jibu la waziri. Nitumie yale yenu ya kawaida, nina nafasi ndogo."

"Una kalamu?"

"Siku hizi unanisomea? Haya."

"Boti ipo. Tangu Septemba haina wafanyakazi Jumamosi na Jumapili. Hospitali iliyaandika hayo kwenda juu. Hayakufika."

Upande wa pili kiti kililia. "Ngoja. Hayo ni maoni ya hospitali au ni yako?"

"Mimi ndiye ninayeandika maoni ya hospitali. Unajua hivyo tangu zamani."

"Niweke jina?"

"Liweke lote. Na uandike kwamba aliyelazwa kwenye magunia ni kaka yangu, wasije wakasema nilificha."

Gazeti lilitoka kesho yake. Kabla ya saa nne Hallvard alikuwa mlangoni kwake, hakukaa.

"Hukuniuliza."

"Ulishaisoma. Ni sentensi ileile uliyoituma wewe."

"Niliituma juu, Ragnfrid. Sikuituma nje. Wewe si mtoto, tofauti unaijua."

"Naijua. Juu haikuonekana, nje imeonekana."

Hallvard alimtazama, na usoni mwake hakukuwa na hasira bali uchovu wa mtu atakayepigiwa simu siku nzima. "Ulikuwa bora kuliko wote kwenye kazi hii," alisema. "Ningependa uelewe kwamba hilo limekwisha."

Alielewa. Kabla wiki haijaisha alihamishiwa kitengo cha kumbukumbu, chumba kisicho na dirisha karibu na jenereta, mshahara uleule, na mezani pake akawekwa kijana ambaye alikuja kumwomba amfundishe. Hakukataa. Alimwambia aandike kama anavyoongea. Kijana alicheka, akadhani amefanyiwa mzaha, akaenda kuwauliza wengine.

Lakini simu zilikuwa zimepigwa. Ofisi ya kanda ilitangaza kwamba, kama jaribio na hadi Pasaka, boti ingekuwa na watu siku zote saba. Tangazo halikutaja kwamba kuna wakati haikuwa nao. Jostein Brattli naye alitoa taarifa yake, na Eivor, ambaye alikuwa na nafasi ndogo kama kawaida, aliichapisha yote: kwamba swali la maandishi ni silaha ya mwananchi, na kwamba ukimbana waziri kwa adabu na uvumilivu, serikali husikia.

Jumamosi hiyo Ragnfrid alivuka kwa feri kwenda Ytterholmen na sufuria ya supu ya samaki aliyoifunga kwa taulo. Oddleiv alikuwa amevaa sweta safi. Alikuwa amepungua, lakini rangi imemrudia, na gazeti alikuwa ameliweka mezani karibu na sahani, amelikunja penye picha ya mbunge.

"Wamepita asubuhi," alisema. "Ile ya manjano. Wakapiga honi. Kuna muuguzi mpya, mdogo, ananipungia mkono kama mimi ni mfalme."

"Vizuri."

"Huyu Jostein kumbe mtu. Shuleni nilimwona bwege tu."

"Kula, itapoa."

Alikula vijiko kadhaa. Ragnfrid alimtazama akitafuna viazi polepole, akahesabu moyoni mambo ambayo angeweza kumwambia, akaona kila moja lingemharibia chakula. Boti ilikuwa imerudi. Ndicho alichokitaka, na hakuomba kingine.

"Sikuelewi," Oddleiv alisema. "Mtu kakufanyia jambo, hata asante hakuna. Mpigie simu."

"Mpigie wewe."

Hakutegemea kwamba angefanya hivyo. Oddleiv alifuta ndevu, akavaa miwani, akatafuta namba, na kwa sababu masikio yake yalikuwa yameharibiwa na injini aliiweka simu mezani sauti ikiwa juu kabisa. Jostein alipokea mara moja. Alimwita Oddleiv kaka. Alisema hakuna haja ya shukrani, ndiyo maana wapo, wawakilishi wapo kwa ajili ya hilo, na kwamba habari ya magunia ilimgusa sana. Kisha sauti ikashuka kidogo.

"Na Ragnfrid je? Hajambo? Yupo hapo?"

Ragnfrid alitikisa kichwa. Oddleiv alimtazama, akaitazama simu. Hakuwa mtu wa kujua kusema uongo, hakuwahi kupata kazi iliyomfundisha.

"Yupo," alisema. "Amekaa hapa mbele yangu. Hataki kuongea na wewe."

Jenereta ya jirani ilisikika kupitia dirishani. Halafu mbunge akauliza kama huko kisiwani mvua imeanza.